Madirisha Yanayoteleza

Katika chumba cha kupokelea simu za dharura kulikuwa na meza sita, kompyuta sita, na mwanamke mmoja aliyebandikwa jina la Bisibisi, kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila bisibisi nyuma ya sikio. Yeye hakupokea simu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanaozipokea wana mashine zinazoitikia. Mtu alipiga namba ya dharura akilia, mpokeaji akaandika anuani yake kwenye skrini, na gari la wagonjwa likatoka. Skrini isipoitikia, gari halitoki. Bisibisi aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote pale, ndiyo maana alikuwa mwoga. Hata akiwa nyumbani anaosha vyombo, simu yake ikilia tu kijasho chembamba kinamtoka.

Mwaka ule ililetwa programu mpya ya kupokelea simu, na ili ifanye kazi ikabidi mfumo mzima wa kompyuta ubadilishwe. Mfumo huo ulikuja na sura mbili za skrini, mtu achague anayoitaka. Bisibisi akaweka moja kwenye meza ya kwanza na nyingine kwenye meza ya pili, akawaambia wenzake wajaribu wiki nzima halafu waseme.

Ya kwanza wakaiita Kioo. Madirisha yake yalikuwa na kona za mviringo na vivuli laini. Ukilifungua dirisha linachanua, ukilifunga linateleza na kuzama chini, na la nyuma unaliona kwa mbali kupitia la mbele, kana kwamba limefunikwa pazia. Ya pili wakaiita Ubao. Ilikuwa ya kijivu, haina kivuli wala mbwembwe. Skrini iligawanywa mapande manne yasiyohama: fomu ya simu juu kushoto, ramani kulia, orodha ya magari chini yake, na maelezo ya mgonjwa kwenye pande lililobaki. Hakuna dirisha lililoweza kulipanda jingine, na kazi yote ilifanyika kwa vidole kwenye kibodi bila kushika kipanya.

Vijana wa zamu walikipenda Kioo. Aliyekaa meza ya tatu, kijana mpole mwenye sauti nzito ambaye wenzake walimwita Besi, alisema Ubao unamkumbusha daftari la mahudhurio. Lakini mama aliyeongoza zamu hakucheka. Huyo watu wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Alikuwa amepokea simu miaka kumi na minane.

"Mimi sitaki dirisha linalocheza ngoma," alisema. "Nataka nikitazama chini kulia, magari yawe chini kulia. Leo, kesho, hata siku ambayo nitakuwa naandika huku nalia. Basi."

"Shangazi, lakini kinapendeza," Besi alisema.

"Uzuri wa mkakasi, mwanangu. Ndani kipande cha mti."

Bisibisi alikuwa na daftari lake. Wiki nzima alipima. Kwenye Ubao mashine ilitumia nusu tu ya kumbukumbu yake na iliitikia papo hapo. Kwenye Kioo mashine zile kuukuu zilibaki zinapumulia puani. Ukifungua ramani na simu moja, mambo shwari. Simu mbili, unasubiri sekunde. Simu tatu pamoja na ramani, kila kitu kinaganda sekunde nne. Alipojaribu tena, sekunde saba. Jaribio la tatu aliliacha njiani kwa sababu alilihofia jibu lake.

Ijumaa akachukua daftari na kwenda ofisini kwa Mkuu wa kituo.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sifa moja: alipenda kitu chake kionekane. Siku hiyo alikuwa ametoka kusimama mbele ya meza ya kwanza, mikono nyuma, akitazama madirisha yakichanua na kuzama, na uso ulikuwa bado unang'aa.

"Fundi wangu! Kile ndicho tunachokitaka. Wageni kutoka makao makuu wakiingia wajue tumeamka. Wewe unasemaje?"

"Nimepima, Mkuu," Bisibisi alisema. "Kuna jambo dogo."

"Kinafanya kazi au hakifanyi kazi?"

"Kinafanya kazi, ila..."

"Ila nini?"

Mezani, chini ya kiganja cha Mkuu, kulikuwa na karatasi aliyoijua. Ilikuwa mkataba wake unaoisha mwisho wa mwezi, na mstari wa sahihi ulikuwa mtupu. Alilishika daftari kwa mikono miwili na hakulifungua.

"Ila watu itabidi wazoee," alisema.

"Watazoea! Mtu huzoea hata kidonda." Mkuu akacheka, akachukua kalamu.

Nje mlangoni Shangazi alikuwa anamngoja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na namba zako amezisikia?"

"Amezisikia," Bisibisi alisema, akapita haraka, maana hakuweza kumtazama machoni.

Kioo kiliwekwa kwenye mashine zote sita. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Zikapita siku kumi za kawaida, simu moja moja, na kila siku iliyopita salama Bisibisi alijiambia kwamba labda alipima vibaya. Lakini hakukaa kwenye chumba chake cha nyuma tena. Alitafuta visababu vya kuzunguka kati ya meza, kufuta vumbi, kukaza nyaya zilizokaza, sikio likitegea.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne na dakika arobaini asubuhi ukuta wa ghala moja ulianguka barabarani, na barabara ilikuwa imejaa watu. Simu ya kwanza ilifika kwa Shangazi. Kabla hajamaliza kuandika, taa nyekundu za meza zote sita zilikuwa zinawaka.

Bisibisi alisimama ukutani. Alisikia sauti sita zikisema kwa pamoja, tulia, niambie uko wapi, tulia, wangapi wamefunikwa, usimvute mguu, tulia. Alitazama skrini. Madirisha yalichanua moja juu ya jingine, fomu juu ya fomu, na kila lilipofunguka lilichelewa kidogo zaidi ya lililotangulia. Alianza kuhesabu kimoyomoyo bila kutaka. Mbili. Nne. Tano. Mtu wa meza ya sita alikuwa anabonyeza kipanya kama anayetwanga.

Katikati ya zogo hilo Besi akapokea simu ambayo haikuhusu ukuta.

"Dharura, nakusikiliza... Mama? Sema tena... Polepole. Vuta hewa kwanza." Aliandika. "Uko peke yako? Ghorofa ya tatu, sawa. Juu ya duka la vioo, sawa. Mkabala na wapi?... Nimeandika. Dawa yako ya kuvuta imeisha? Mama, usilale chini, kaa wima. Gari linakuja."

Alibonyeza kitufe cha kutuma. Wakati huohuo simu nyingine mbili kuhusu ukuta ule zikaingia kwenye skrini yake. Fomu mbili mpya zikachanua juu ya fomu ya yule mama, nusu uwazi, nusu kivuli, na hapohapo zikaganda. Kishale cha kipanya kilisimama katikati ya skrini, kikawa doa.

"Bisi," Besi alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Bisi, njoo. Haijaenda."

"Haijaenda nini?"

"Anuani. Mama mwenye pumu. Simu imekatika. Hakuwa na sauti tena, alikuwa anapiga miluzi tu. Anuani iko humu ndani, chini ya hizi."

"Huikumbuki?"

"Duka la vioo. Ghorofa ya tatu. Mkabala na..." Alifumba macho. "Tangu hapo nimesikia anuani nyingine mbili. Imenitoka, Bisi. Imenitoka kabisa!"

Mji ule ulikuwa na maduka ya vioo manne yaliyojulikana, na mangapi yasiyojulikana. Mtambo wao wa simu ulikuwa wa zamani, haukuhifadhi namba za waliopiga. Namba ya yule mama ilikuwa kwenye fomu ile tu, na fomu ilikuwa haijahifadhiwa. Kuizima mashine na kuiwasha kungechukua dakika tatu, na ikiwaka, fomu ingekuwa tupu.

Bisibisi alishika ukingo wa meza. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, daftari lake lililofungwa, na viganja vyake juu yake.

Shangazi alikuwa amesikia. Alivua kifaa cha sikio moja, huku la pili likiendelea kumpigia kelele.

"Saa ngapi alipiga?"

"Saa nne na dakika hamsini na mbili," Besi alisema.

Shangazi akatazama saa ya ukutani. Dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Akavuta karatasi, akaacha kabisa kuitazama skrini yake, akaanza kuandika kwa kalamu. "Gari namba nne nimelizuia. Wenye ukuta wana matano. Namba nne halitoki mpaka mniambie linakwenda wapi. Fundi! Unanisikia? Usisimame hapo kama mlingoti."

Bisibisi akakimbia kwenye chumba chake cha nyuma.

Kulikuwa na njia moja. Kwa kupitia waya unaounganisha mashine zote, angeweza kuingia kwenye kompyuta ya Besi kutoka kwake, bila madirisha, kwa skrini nyeusi na maandishi matupu. Huko ndani kila programu inayofanya kazi ina namba yake. Kama angeua ile inayochora vivuli na uwazi, mashine ingepata pumzi, na fomu zingebaki. Alikuwa amewahi kufanya hivyo mara moja, kwenye majaribio, bila mtu kufa.

Aliandika amri ya kuingia. Herufi hazikutokea. Alingoja, mikono hewani. Sekunde tisa baadaye zikatokea zote kwa mkupuo, mbili zikiwa zimekosewa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Akafuta. Kufuta nako kukachukua sekunde sita. Kutoka chumba kile kingine alimsikia Besi akipiga simu kwa duka la vioo la kwanza: "Kuna mama anaishi juu yenu? Hakuna ghorofa? Samahani."

Akaingia. Akaagiza orodha. Ilishuka mstari mmoja mmoja kama mtu anayeteremka ngazi kwa fimbo, na miwili ya mwisho ndiyo aliyoitafuta. Mmoja ulikuwa programu ya mapambo. Mwingine ulikuwa programu iliyobeba skrini yenyewe, ambayo ukiiua, kila kitu kilichoegemea juu yake kinakwenda nayo, fomu na yote. Majina yao yalifanana isipokuwa herufi tatu za mwisho. Namba zao zilikuwa 1187 na 1178.

"Mungu wangu," alisema.

Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikigusa kioo. Akasoma wa pili. Akarudi wa kwanza. Herufi zilianza kumcheza machoni, nane na saba zikibadilishana viti. Alijua anachopaswa kuua. Hakujiamini tu. Si yeye yule aliyejua Ijumaa ile pia, akafunga mdomo?

"Shangazi!" aliita. "Shangazi, njoo unisomee!"

"Siwezi kuja, nina mtu chini ya tofali! Soma wewe, kwa sauti, mimi nitakusikia!"

Basi akasoma kwa sauti ya kupaza, kama mtoto wa darasa la kwanza, jina zima na namba nzima. "Mapambo, moja, moja, nane, saba!"

"Ndiyo unayoitaka?"

"Ndiyo!"

"Basi ifanye!"

Aliandika amri, akaandika moja, moja, nane, saba, akakagua tarakimu moja moja. Kisha akabonyeza, akafumba macho.

Hakukutokea kitu. Alihesabu. Tatu. Sita. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika kupita simu zote. Kumi. Alifikiria mwanamke aliyekaa wima ghorofani, mgongo ukutani, akivuta hewa isiyokuja, akiwa na imani kwamba gari liko njiani kwa sababu mtu amemwambia liko njiani. Kumi na mbili.

"Zimefunguka!" Besi alipiga yowe. "Zimebaki uchi, hazina kona, hazina nini! Naiona! Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo, mkabala na mahakama ya zamani! Namba ya simu hii hapa!"

"Namba nne, ondoka," Shangazi alisema kwenye redio, na sauti yake haikuwa na mkunjo wowote. "Mahakama ya zamani, ng'ambo yake. Ghorofa ya tatu. Pumu. Yuko peke yake. Oksijeni mkononi, msishuke kwanza mkaulizana."

Ilikuwa saa tano na dakika nne. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimeliwa.

Besi alipiga namba ile. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Bisibisi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Meza nyingine ziliendelea na ukuta wao. Mvua iliendelea na mabati yake.

Redio ikakwaruza. "Mlango umefungwa kwa ndani."

"Vunja," Shangazi alisema.

Pakapita kimya ambacho Bisibisi hakuweza kukihesabu, maana namba zilikuwa zimemwishia. Alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe, na hakujua mpaka alipouona baadaye una alama.

"Tumempata. Midomo imegeuka rangi." Kimya tena. Kisha: "Anapumua. Kidogo, lakini anapumua. Tunashuka naye."

Besi akalaza kichwa juu ya kibodi. Bisibisi akaenda chooni, akanawa uso, akarudi. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imehamia tu kwenye mashine tano zilizobaki, ambazo kila moja ilikuwa inazidi kuchelewa, na chini ya fomu zao nani alijua kuna nani.

"Shangazi," alisema, "nataka kuziondoa zote. Niweke Ubao sasa hivi, meza moja baada ya nyingine. Aliye mezani anaandika kwa kalamu dakika mbili, namrudishia."

"Mkuu amesema?"

"Sijamuuliza."

Shangazi alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Anza na yangu."

Alifanya hivyo, meza kwa meza, katikati ya simu. Kila alipomwondoa mtu kwenye mashine moyo ulimruka, na kila mapande manne ya kijivu yalipotokea, yaliyotulia tuli, alivuta pumzi na kwenda kwa anayefuata. Mashine hazikuganda tena. Mpaka saa saba mchana watu kumi na tisa walikuwa wametolewa chini ya ukuta. Wawili hawakutoka wazima, na hao kompyuta haikuwahusu. Bisibisi aliangalia saa za simu zao mara tatu ili awe na hakika.

Mkuu alitoka kwenye eneo la ajali alasiri, viatu vimejaa tope, akaona skrini sita za kijivu.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna, Mkuu." Alilifungua daftari, akaliweka mbele yake. "Hizi ndizo namba nilizokuja nazo siku ile. Nilijua kinaganda. Sikukwambia kwa sababu niliogopa hutaweka sahihi. Na Shangazi nilimdanganya kwamba nimekwambia."

Mkuu alisoma akiwa amesimama. Alisoma ukurasa wote, akafunua na wa pili, ule wa jaribio lililoachwa njiani. Alipoinua uso ulikuwa umepoteza rangi, na Bisibisi akaelewa kwamba naye sasa ameogopa, hofu ileile moja.

"Iandike yote," alisema Mkuu. "Na yangu uiandike. Kwamba nilikuuliza swali la ndiyo au hapana."

Aliiandika. Alipewa onyo la maandishi, na mkataba wake ukakatwa kuwa wa miezi mitatu. Shangazi hakumsemesha siku nne, isipokuwa mambo ya kazi. Siku ya tano akamsukumia kikombe cha chai mezani bila kumtazama, na ikaishia hapo.

Wiki iliyofuata Bisibisi alikwenda hospitali. Alisimama nje ya wodi muda mrefu, akijikaza kisabuni, kabla ya kuingia. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ameketi kitandani, anafumua mishono ya shuka la hospitali kwa kucha kwa sababu, alisema, aliyeishona hakujua kazi.

Bisibisi alimweleza. Alieleza kila kitu, madirisha, daftari, karatasi chini ya kiganja, dakika kumi na mbili. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho, shuka mikononi.

"Nilidhani gari limekwama kwenye mvua," alisema. "Nililisamehe gari." Akavuta pumzi mbili, tatu. "Ulipokuwa unatetemeka huko ndani, ulikuwa unaniogopea mimi au unajiogopea wewe?"

Bisibisi alifikiri. Alitaka kusema jambo zuri.

"Kwanza nilijiogopea mimi," alisema. "Halafu wewe. Mwishoni ilikuwa wewe tu."

Yule mama alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama ni kukubali au kukataa. Kisha akamnyooshea upande mmoja wa shuka.

"Shika hapo," alisema. "Vuta. Usiogope, haitachanika."

Bisibisi akashika, akavuta.